Mbwa Akojoaye Mno Asinyimwe Maji

Mbwa aliyefunzwa usafi aanzapo kukojoa ukumbini, mwenyewe huchukua fimbo, kisha humwondolea bakuli la maji. Fimbo ni ukatili mtupu; kumnyima maji kwaweza kumwua. Figo zilizodhoofika hazina nguvu ya kuukoleza mkojo, kwa hiyo maji mengi hupotea, na mnyama hunywa ili kuyafidia. Hanywi kwa ulafi.

Lipasalo kwanza ni kupima. Mbwa anywaye zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku ana kasoro. Kwa mbwa wa kilo 15, hiyo ni lita moja na nusu. Chupa yenye alama na mizani vyatosha, na darasa la biolojia laweza kuifanya kazi hiyo. Mwaka 1889, huko Strasbourg, Minkowski na von Mering walimtoa mbwa kongosho. Akawa akikojoa mno, na mkojo wake ukakutwa na sukari. Elimu ya kisukari cha binadamu inamdai mbwa huyo deni kubwa.

Lakini akojoaye matone kwa kujikamua, pengine pamoja na damu, huenda ana ugonjwa wa kibofu au vijiwe. Dume asiyetoa hata tone apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ile ile. Jike asiyehasiwa, akinywa mno wiki chache baada ya kupata joto, huenda ana usaha katika mji wa mimba, naye asicheleweshwe.

Afutaye mkojo huo anawe kwa sabuni, kwani homa ya mgunda yaweza kupitia humo.