Hori imejaa, lakini ng'ombe ana njaa

Wasee, hizi video zimenichosha. Novemba ikifika na mvua ishike huku Ukambani, kila mtu anaposti hori imejaa nepia mbichi inang'aa matone, kepsheni ni "Mungu ni mwema." Ni mwema kweli. Lakini huyo ng'ombe wako wa zero ana njaa.

Tupige hesabu, na ni ya shule ya msingi tu. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na hii naiweza.) Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anahitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani kile kinachobaki ukitoa maji yote. Nepia changa ya wakati wa mvua, katika kilo 100 utapata kama 15 tu za kikavu. Hapo hatujahesabu maji ya mvua yaliyoshika kwa majani. Kwa hivyo anataka kilo 80. Wewe umemletea mizigo miwili ya mgongo, tuseme kilo 50. Amemaliza, tumbo limejaa maji, kinyesi ni uji, maziwa yanashuka, na unalaumu baridi ya Mbooni.

Nyausha hayo majani, buda. Kata mchana umande ukishaisha, ama kata leo ulishe kesho. Tandaza chini ya mabati, usirundike, maana rundo bichi linapata joto ndani na kuanza kuoza. Bado utakata zile kilo 80, lakini zikinyauka zitamfikia zikiwa kama 50, na hizo tumbo lake lina nafasi nazo. Kama una lusini, hapo usicheze kabisa: mbichi, yenye maji, kwa ng'ombe aliyelala njaa, ubavu wa kushoto unavimba na anaweza kufa kabla daktari afike.

Halafu changanya na mabua makavu ya mahindi. Najua utaniambia huna, kwa sababu uliyachoma ama mbuzi wa jirani walimaliza shambani. Susu wangu alikuwa anayapanga juu ya mti, hakuna mchwa, hakuna mbuzi. Sisi vijana tuliona ni ushamba.

Kitu kimoja tu: yakiwa na ukungu, tupa. Pia yale mahindi mabovu tunayochambua na kupelekea ng'ombe. Mwaka wa 2004 sumu ya ukungu kwa mahindi iliua watu 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Ng'ombe akila hiyo sumu, sehemu yake inatokea kwa maziwa, na maziwa anakunywa mtoto.

Lakini manze, kinachoniuma zaidi si hata maziwa ya Novemba. Ni kwamba hiyo nyasi yote tunaimwaga kwa hori kana kwamba Septemba haiji. Nyingine inakanyagwa, nyingine inazeeka shambani. Wazee wetu waliita ukame wa 1984 Nikw'a Ngwete, nakufa nikiwa nimeshika pesa, kwa sababu pesa ilikuwepo na chakula cha kununua hakikuwepo. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na mwenye pesa ya robota la nyasi alizunguka akilitafuta. Ng'ombe waliobaki ngozi na mifupa waliuzwa bei ya mbuzi, na karo ikaishia hapo.

Kwa hivyo ile nepia inayobaki wakati mvua bado inanyesha, iache inyauke kidogo, ikatekate, ishindilie kwa mfuko wa plastiki mpaka hewa yote itoke, kisha ufunge. Hewa ikiingia imeoza, hakuna njia ya mkato. Nyasi za kukausha ngoja jua la mwisho wa Desemba. Na si lazima uhangaike na nepia, inataka maji mengi kuliko tuliyo nayo huku chini. Mbeetwa na ndata kivumbu ni nyasi zetu, zinavumilia, na watafiti wa KALRO pale Kiboko wamezifanyia kazi miaka mingi. Zikate zikianza kutoa maua. Ukingoja mbegu ikauke na kuanguka, utakuwa umefunga marobota ya vijiti.