Kompyuta ikigoma kuwaka, okoa hesabu kwanza

UMEME ukikatika ghafla Namanga, Mutukula au Rusumo, hasara yake mara nyingi huonekana baada ya kurudi. Kompyuta ya wakala wa forodha inawashwa, inaandika kwamba ukaguzi wa diski umeshindikana, kisha inasimama hapo hapo. Ndani yake kuna ankara, vyeti vya uasili wa bidhaa na hesabu za madeni. Nje lori linasubiri.

Katika haraka hiyo huitwa fundi wa karibu, naye hufomati diski na kupakia programu upya. Kompyuta inawaka, lakini hesabu za miaka zimekwenda. Huko ni kufagia duka pamoja na bidhaa zake.

Diski ina daftari lake, kama la mtunza ghala, linaloonyesha kila faili liko wapi. Umeme ukikatika wakati linaandikwa, daftari huacha kulingana na mzigo uliopo. Programu za ukaguzi, CHKDSK kwenye Windows na fsck kwenye Linux, hulinyoosha daftari hilo. Hazikuundwa kuokoa mzigo, na wakati mwingine hufuta kisichoeleweka ili hesabu ilingane. Diski yenyewe ikiwa inakufa, kila jaribio la kuirekebisha linaweza kuimaliza.

Kwa hiyo kompyuta isizimwe na kuwashwa mara kumi. Fundi aiwashe kwa flashi yenye mfumo mwingine, au aunganishe diski kwenye kompyuta nzima, anakili kila kinachosomeka, ndipo arekebishe. Akitaka kujua ukubwa wa tatizo, fsck yenye alama ya -n, au CHKDSK isiyoongezewa alama yoyote, hukagua bila kurekebisha kitu.

Tamko la forodha lililokwisha kutumwa lipo kwenye mfumo wa mamlaka ya mapato. Orodha ya wadaiwa wa Arusha au Kampala haipo huko. Mwenye mzigo mdogo, usiozidi dola 2,000, anayepita kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa karatasi hizo ni ushahidi wake.

Wakala anayetoza ada anapaswa kuweka nakala nje ya kompyuta yake kila jioni. Naye mfanyabiashara, kabla ya kumkabidhi karatasi, amuulize: nakala iko wapi? Asiyekuwa na jibu hafai kubeba dhamana ya mzigo wa mtu.