Bunduki chafu haimlindi mkulima wala mfanyabiashara

Huku Kashozi msimu wa kahawa ukifika, mambo mawili huongezeka: fedha mifukoni na wasiwasi wa usiku. Mwenye stoo anawaza wezi, mwenye shamba la mahindi anawaza nguruwe pori na ngedere. Ndipo yule mwenye leseni anapokumbuka kwamba nyuma ya kabati kuna bunduki. Inatolewa, inafutwa vumbi kwa kipande cha kanga, inatiwa risasi zilizonunuliwa miaka mingi iliyopita, na mwenyewe anakwenda kulala akijiona yuko salama.

Mimi nasema hayuko salama. Tena yeye na familia yake wako hatarini kuliko huyo mwizi.

Mzee mmoja jirani yangu aliwahi kunionyesha shotgani yake ya mitutu miwili. Nikamwomba, "Mzee wangu, tuifungue kwanza tutazame mwanga." Mtutu wa kwanza ulikuwa na madoa ya kutu. Wa pili hatukuona mwanga kabisa. Nyigu wale wanaojenga kwa udongo walikuwa wamejenga humo ndani. Mzee akanyamaza kwa muda mrefu. Angefyatua usiku ule, moshi na moto visingepata njia ya kutoka, na mtutu ungepasuka mbele ya mkono wake wa kushoto.

Naomba nieleweke. Sizungumzii magobore na silaha zisizosajiliwa. Hizo mahali pake ni kituo cha polisi. Wala leseni si ruhusa ya kuwinda. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni yake, na mnyama anayesumbua mashamba ataarifiwe ofisa wanyamapori. Nazungumza na mkulima na mfanyabiashara anayemiliki silaha kihalali, lakini anaitunza vibaya kuliko anavyotunza baiskeli.

Tuanze na risasi. Wengi wakienda dukani husema tu, "Nipe za shotgani." Hilo ni kosa. Bunduki za marisau zina saizi. Iliyozoeleka ni geji 12, ambayo tundu la mtutu wake ni kama milimita 18.5. Geji 20 ni nyembamba zaidi, kama milimita 15.6. Ukitumbukiza risasi ya geji 20 kwenye bunduki ya geji 12, haidondoki nje. Inateleza na kukwama mbele kidogo ya chemba, mahali ambapo huioni. Ukidhani hukuweka kitu, ukaongeza ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, bunduki inalipuka mikononi. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huzipa geji 20 ganda la njano. Basi nyumba yenye bunduki mbili za saizi tofauti isichanganye risasi kwenye kopo moja.

La pili ni urefu wa chemba. Bunduki za zamani za Kiingereza, ambazo baadhi ya wazee walizipata enzi za ukoloni, nyingi zina chemba ya milimita 65. Risasi nyingi za leo ni za milimita 70, na zipo za 76. Mtego ni kwamba risasi ndefu inaingia vizuri tu, kwa sababu ncha yake imekunjwa. Ikifyatuliwa ganda linafunguka, linakosa nafasi, na msukumo unapanda kupita uwezo wa chuma. Soma maandishi yaliyochongwa chini ya mtutu, kisha soma yaliyo kwenye ganda. Yasipolingana, usinunue. Kama hayasomeki, mpelekee fundi mwenye kibali aipime.

Kwa wafanyabiashara wenye bastola ya silinda, hasa ile ambayo lazima uvute nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi, nina neno moja. Zile za muundo wa zamani, mfano wa Colt ya mwaka 1873, nyundo yake hukaa karibu kabisa na kitako cha risasi. Ikianguka sakafuni yaweza kufyatuka. Kwa hiyo wenye busara huweka risasi tano katika silinda ya sita, na nyundo huegemea tundu tupu. Na kama bastola yako ni ya .357 Magnum lakini unatumia risasi fupi za .38 Special, inakubali, ila masizi hujikusanya kama pete ndani ya matundu. Usiposugua, siku utakapoweka zile ndefu zitagoma kuingia.

Sasa usafi. Bukoba hupata mvua kama milimita 2,000 kwa mwaka, miongoni mwa nyingi kabisa nchini, na hewa ya Ziwa Victoria ina unyevu kila siku. Chuma hapa hakingoji. Kila baada ya kutumia, na hata kama hukutumia angalau mara moja kwa mwezi, toa risasi zote, hakikisha kwa macho na kwa kidole, kisha pitisha brashi ya shaba, halafu tambaa kavu, halafu tambaa lenye mafuta ya bunduki kidogo. Mafuta ya kula hukauka yakawa kama gundi. Mafuta ya taa hutoa uchafu lakini hayaachi kinga. Na usihifadhi silaha ndani ya mfuko wa ngozi, kwa sababu ngozi hunywa unyevu na kuupeleka kwenye chuma.

Risasi nazo huzeeka. Zenye ukungu wa kijani, zilizovimba au zilizolowa usizijaribu, zirudishe polisi. Ukifyatua isilie, elekeza mtutu mahali salama kwa dakika nzima kabla ya kufungua, maana huenda ikachelewa kulipuka. Ikilia kidogo tu, "pf", simama hapo hapo. Huenda kuna kitu kimebaki ndani ya mtutu.

Maoni yangu kwa wahusika ni haya. Wakati wa kuhuisha leseni, tusiishie kuangalia namba ya silaha na stakabadhi. Mtutu utazamwe kwenye mwanga, na mmiliki aulizwe risasi yake ni ya saizi gani. Asiyejua aelekezwe kwanza. Nao warithi wakumbuke kwamba leseni ni ya mtu, hairithiwi kama kibanja. Baba akifariki, silaha iripotiwe polisi mara moja, isibaki juu ya dari.

Na kwako mfanyabiashara mwenzangu: kinga ya kwanza si bunduki. Fedha zikipita benki au kwenye simu, mwizi wa usiku hana cha kufuata. Lakini kama umeamua kumiliki silaha, ihesabu gharama ya brashi, mafuta na risasi sahihi kama unavyohesabu magunia ya kahawa. Yule mzee alisafishiwa mtutu wake na fundi, na risasi zake za zamani zikarudi kituoni. Wewe yako uliitazama lini kwenye mwanga?