Moto wa Pori Haungoji Barua

Wenzangu makarani, hapa Katumba miombo hukauka tangu Mei hata Oktoba, na moto wa mlina asali mmoja waweza kuteketeza mizinga na nyumba za jirani. Tukumbuke Oktoba 2020, Mlima Kilimanjaro ulipoungua siku nyingi; askari wa hifadhi, wanafunzi na wanakijiji walipanda kuuzima. Moyo huo twauheshimu, lakini moyo pasipo mpango huchoka. Basi, kabla ya kiangazi, yatupasa kuandika daftari kwa kila kijiji: nani ataamuru, nani ataleta maji na chakula, nani atahesabu waliokwenda na waliorudi. Mwenyeji ajuaye njia aamuru. Sisi wa ofisini tumsaidie. Moto ukisha kuwaka, hapana nafasi ya kugombea ukubwa.