KUULIZA SI UADUI

Ndugu wanachama, wako wagombea ambao wakiulizwa habari zao hukasirika. Husema mwulizaji katumwa na adui. Sisi twasema: aombaye kura anaomba kazi, na mwomba kazi huulizwa. Hata mwenye ng'ombe akitaka mchungaji, huuliza kwanza kijana huyo alimchungia nani, na ng'ombe wangapi walipotea.

Huko Marekani liko shirika lisilotafuta faida, Vote Smart, lililoanza kazi mwaka 1992. Kazi ya watumishi wake ni kuchunguza wagombea: kisomo chao, kura walizopiga barazani, maneno yao ya hadharani, na fedha za kampeni zimetoka kwa nani. Hawampigii debe mtu yeyote. Hawapokei senti ya makampuni, wala ya vyama vya wafanyakazi, wala ya vyama vya siasa. Miongoni mwa waasisi walikuwamo Barry Goldwater na George McGovern, watu wa vyama viwili vinavyopingana.

Kazi hiyo haina utajiri. Vijana wengi wameifanya kwa kujitolea, wakiandika barua na kupiga simu, wakimsihi mgombea mmoja mmoja ajibu maswali. Wengi hukataa, wakiogopa kwamba jibu la leo litakuwa fimbo ya mpinzani kesho. Lakini angalieni: mwaka 2008 Seneta John McCain, mgombea urais, alikuwa mjumbe wa bodi ya shirika hilo hilo. Hakujibu maswali. Akatolewa katika bodi! Ukubwa wake haukumwokoa.

Wako watakaosema hayo ni ya Wamarekani. La hasha! Nchini Kenya, mwaka 2005, Ory Okolloh na Conrad Akunga walianzisha Mzalendo, ili wananchi wasome mtandaoni habari za wabunge wao: nani husema Bungeni, na nani hukaa kimya.

Basi twawaambia viongozi wetu: mwogopeni mgombea afichaye habari zake, msimwogope kijana azitafutaye. Tusipowachunguza watu wetu sisi wenyewe, wapinzani watatuchunguzia, tena siku ya mwisho. Kila tawi liandike maswali, limwite kila atakaye kusimama, na majibu yabandikwe mlangoni pa ofisi. Asiyejibu asipewe kura, hata akiwa rafiki yetu.

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Nasi twaongeza: wala si uadui.