Usiku wa Saint-Tropez



Jumapili moja baada ya Misa, baba mmoja wa parokia yetu alinijia, simu yake mkononi. Akaniambia: «Mwalimu, mtazame mtoto wangu.» Katika picha nilimwona kijana amesimama bandarini usiku. Nyuma yake palikuwa na merikebu nyeupe ya matajiri, na taa zake zilimetameta majini. Kijana huyo aliondoka kwetu miaka michache iliyopita, na sasa aosha bilauri katika baa moja ya mji uitwao Saint-Tropez, kusini ya Ufaransa, kando ya bahari ya Mediteranea.

Baba akaendelea: «Ndugu zangu wote wameiona picha hii. Kaka yangu ataka mabati, dada yangu ataka karo ya wanawe. Nimemwandikia mtoto mara tatu kumwomba fedha, naye hajibu. Je, utajiri umemsahaulisha nyumba ya baba yake?»

Sikutaka kujibu neno zito kama hilo mlangoni pa kanisa. Nilimkaribisha nyumbani, tukaketi, nikamweleza habari za mji ule. Niliyomweleza nayaandika hapa, kwa maana picha za namna ile zimo katika nyumba nyingi za Wakristu wetu.

Mji wa Saint-Tropez una jina la martiri. Yasimuliwa tangu zamani kwamba Torpes alikuwa mkubwa katika nyumba ya Kaisari Nero, mahali pa anasa na karamu. Alipoipokea imani ya Kristu hakukubali kuikana, akakatwa kichwa huko Pisa, nchini Italia, yapata mwaka 68. Mwili wake ukatiwa katika mashua kuukuu pamoja na jogoo na mbwa, nayo mashua ikachukuliwa na maji hata ikafika pwani ile. Hata leo, kila mwaka tarehe 16, 17 na 18 Mei, wenyeji huitembeza sanamu yake katika njia za mji, na wanaume waliovaa mavazi ya kiaskari ya kale hufyatua bunduki kwa heshima yake. Kapiteni wa sherehe hiyo huchaguliwa na mji, desturi iliyoanza mwaka 1558. Basi ulikuwa mji mdogo wa wavuvi na mabaharia, watu wa jasho na wa sala.

Fahari yake ya sasa ilikuja polepole. Mwaka 1892 alifika mchoraji Paul Signac kwa mashua yake ya tanga, akaupenda mwanga wa mahali pale, na wachoraji wengine wakamfuata. Mwaka 1955 watu wa sinema walikuwa wakipiga filamu katika pwani ya Pampelonne, iliyo karibu na mji. Waliona kibanda cha mzee de Colmont na mkewe, wakadhani ni nyumba ya chakula, wakaomba kula. Mama wa nyumba akawapikia. Kutokana na chakula hicho ikazaliwa Club 55, ambayo matajiri wa dunia huiendea hata sasa. Filamu yenyewe ilitoka mwaka 1956, naye Brigitte Bardot, aliyeicheza, akajulikana pote, na jina la mji likajulikana pamoja naye. Mwaka 1967 ilifunguliwa hoteli ya Byblos, iliyojengwa na tajiri wa Lebanoni, na ndani yake klabu ya usiku iitwayo Les Caves du Roy, maana yake maghala ya mvinyo ya mfalme.

Leo wenyeji wa mji hawafiki 5,000, lakini wakati wa kiangazi wageni huja kwa makumi ya maelfu. Merikebu za anasa hufunga kamba mbele ya vibaraza vya mikahawa. Wenye kula hutazamwa na wenye kupita, na wenye kupita hupiga picha. Ikipita saa sita ya usiku vilabu hujaa, na dansi huendelea hata karibu na mapambazuko. Wakati wa baridi milango mingi hufungwa, na mji hurudi katika kimya chake.

Katika vilabu kama hivyo shampanye huuzwa katika chupa kubwa zenye majina tuyajuayo sisi tusomao Biblia. Yeroboamu ni lita 3, Metusela ni lita 6, Baltazari ni lita 12, Nebukadneza ni lita 15, yaani chupa 20 za kawaida ndani ya moja. Tena bei ya chupa hiyo moja mara nyingi hupita bei ya zile 20. Kwa nini basi mtu ainunue? Kwa sababu watumishi huileta wakiwa wameiinua juu, cheche za moto zikiruka, na wote hugeuka kumtazama aliyeiagiza. Mvinyo ni ule ule. Anunuacho hapo ni macho ya watu.

Wanafunzi wangu wamkumbuke yule mfalme Baltazari katika kitabu cha Danieli. Naye alifanya karamu kubwa usiku, akanywea vyombo vya Hekalu ili wakubwa wake wamwone. Kisha mkono ukaandika ukutani, na maana ya maandishi ilikuwa kwamba mfalme amepimwa katika mizani, akaonekana mwepesi. Sijui kama wanunuzi wa chupa yenye jina lake huikumbuka habari hiyo.

Lakini nisieleweke vibaya. Mvinyo si uovu, wala furaha si dhambi. Bwana wetu Yezu Kristu alihudhuria arusi ya Kana, na mvinyo ulipokwisha aligeuza maji ya mitungi sita. Mvinyo ule ulikuwa wa wote, wala hakuna aliyepigiwa makofi kwa ajili yake. Tena Mtakatifu Yohane atueleza jambo dogo ambalo wengi hulipita upesi: msimamizi wa karamu hakujua mvinyo umetoka wapi, lakini watumishi waliochota maji walijua.

Hapo ndipo nilipotaka kumfikisha baba yule. Katika usiku wa Saint-Tropez watumishi ndio wajuao. Wajua uzito wa masinia na wingi wa bilauri zilizovunjika. Wajua pia kwamba kazi yao ni ya miezi ya joto tu, na baadaye yampasa mtu kutafuta nyingine. Ni kweli kwamba sheria za Ufaransa zaweka mshahara usiopungua kiasi fulani. Lakini vyumba vya mji ule ni ghali mno, hata wafanyakazi wengi wa msimu hulala mbali, au husongamana katika chumba kimoja. Garimoshi halifiki mjini, na barabara ya kuingia huzibwa na magari. Aliyesimama usiku kucha hurudi kulala jua likichomoza.

Nikamwambia: «Baba, merikebu ile si ya mtoto wako. Yeye alisimama mbele yake kama vile sisi tusimamavyo mbele ya kanisa kuu siku tukifika mjini. Umemwandikia mara tatu kumwomba. Je, umemwuliza hata mara moja kama amelala?»

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaandika pale pale mbele yangu: «Mwanangu, hatukuombi kitu. Twataka kujua walala wapi, na kama wapata kusali.» Jibu lilikuja usiku ule ule. Kijana alisema kwamba walala wanne chumbani, kwamba aliona haya kusema hana fedha baada ya kuipeleka picha ile, na kwamba kila barua ya kuomba ilimfanya aogope kuifungua inayofuata. Kulipokucha baba alikuja kunisomea, naye alilia.

Kijana alikosa kwa kuiacha picha iseme uongo kwa niaba yake. Nasi tulikosa kwa kuupenda uongo huo. Jamaa wakikubali tu habari za utajiri, mtoto aliye mbali atawapelekea utajiri wa picha, na taabu yake ataimeza peke yake. Huyo ndiye awezaye kupotea, kwa deni, kwa pombe, au kwa kazi zisizotajika, kwa sababu hana wa kumwambia.

Basi, wazazi, msimhesabie mtoto fedha kwa kutazama taa zilizo nyuma yake. Nanyi wanafunzi, mkiona usiku unaong'aa katika picha, ulizeni ni nani aliyebeba sinia. Leo jioni, katika sala ya jamaa, tajeni kwa jina kila mtoto wenu aliye mbali. Na kisha sala, mwandikieni barua isiyoomba kitu.