Kupamba Baraza Bila Kukopa



Katika maeneo yetu ya Mbulu na Hanang, mtu akijaaliwa kujenga nyumba ya matofali, sehemu inayobaki nyuma karibu kila mara ni baraza. Fedha huishia kwenye bati na madirisha. Baraza humwagiwa zege, likasawazishwa kwa mwiko na kuachwa hivyo hivyo, la kijivu, likinywa vumbi la kiangazi na tope jekundu la masika. Hatuoni aibu yoyote katika baraza la namna hiyo. Tatizo limeanza pale majirani walipoanza kupimana kwa vigae.

Kwa nafasi yetu katika kamati ya msikiti tunazisikia shida za kaya zinazoomba msaada, na zaidi ya mara moja tumekutana na deni ambalo chanzo chake ni vigae vya baraza. Mama amechukua mkopo ule ambao mitaani huitwa kausha damu, marejesho yakawa ya kila wiki, na kabla ya mavuno mbuzi wameshauzwa. Hukumu ya riba kila Mwislamu anaijua, nasi hatukusudii kutoa darsa hapa. Kutaka baraza lipendeze ni haja ya halali. Mgeni asiyeingia ndani hukaa hapo, wanawake huchambua maharage hapo, na msiba ukitokea jamaa hutandika mikeka hapo hapo. Haja hiyo inatimizika kwa rangi kidogo na kazi nyingi ya mikono.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Nyumba za tembe za Wairaqw zilisiribwa kwa udongo na samadi, zikasiribwa tena zilipochakaa. Pwani, mafundi walitengeneza sakafu kwa chokaa. Saruji ilipoenea, mafundi wakaichanganya na unga wa oksaidi nyekundu na kuing'arisha kwa nta, na sakafu za aina hiyo bado zinakanyagwa katika majengo mengi ya zamani.

Kabla ya kununua chochote, lichunguze zege lenyewe. Zege jipya lipewe siku 28 kabla ya kupakwa rangi. Zege la zamani lisuguliwe kwa brashi ya waya, maji na sabuni ya unga, mpaka ule ungaunga wa juu utoke wote, kwani rangi iliyopakwa juu ya unga hushika unga na kuliacha zege. Nyufa zizibwe kwa saruji na mchanga laini. Kisha fanya jaribio dogo: kata kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache mpaka kesho yake saa ile ile. Ukikuta matone chini yake, ujue unyevu unapanda kutoka ardhini. Mabaraza mengi ya kwetu yalimwagwa moja kwa moja juu ya udongo, hivyo usishangae. Rangi ya kopo juu ya sakafu kama hiyo itatoka malengelenge, na fedha yako itaondoka na fagio.

Kwa baraza lenye unyevu, njia yenye salama ni niru ya rangi, kwa kuwa ni saruji juu ya saruji nayo huruhusu unyevu kupita. Kwa kilo 5 za saruji, oksaidi isizidi nusu kilo. Ukiongeza zaidi unaidhoofisha saruji. Changanya vikavu kwanza, pamoja na mchanga laini uliochekechwa wa kiasi sawa na saruji, mpaka rangi iwe moja, ndipo utie maji kidogo kidogo. Tumia chombo kile kile cha kupimia kila mara, vinginevyo baraza litatoka na mabaka. Lowesha sakafu bila kuacha madimbwi, paka kwa brashi ngumu, kisha funika kwa magunia na uyamwagilie maji kwa siku 3. Vaa glavu, maana saruji mbichi huunguza ngozi. Chumvi nyeupe ikijitokeza baadaye, ifagie ikiwa kavu.

Baraza lililo kavu linaweza kupakwa rangi ya sakafu ya kopo. Tuchukue baraza la mita 5 kwa mita 2, yaani mita 10 za mraba. Juu ya zege laini lita moja hupaka mita 8 hadi 10 za mraba kwa mkono mmoja. Zege la kukwaruza hunywa zaidi. Kopo la lita 4 linatosha mikono miwili, na lita moja ya rangi ya pili inatosha kwa pambo. Huku kwetu tunapendelea nyekundu iwe ndiyo rangi kuu, kwa sababu ndiyo inayoficha tope.

Pambo jepesi kuliko yote ni drafti. Miraba ya sentimita 25 itaingia 20 kwa urefu na 8 kwa upana, bila kipande cha nusu kubaki mlangoni. Piga mistari kwa kamba iliyopakwa chaki na kuvutwa kati ya misumari miwili. Anayetaka zaidi akate kigezo kwenye kadibodi ya boksi, akitazama misuko ya mkeka au maumbo ya shanga kwenye sketi za ngozi za kale za Wairaqw. Tumeulizwa pia kama inafaa kuandika Bismillahi sakafuni mbele ya mlango. Haifai. Jina hilo halikanyagwi. Liandikwe juu ya mlango.

Tunalotilia mkazo kuliko uzuri ni utelezi. Rangi ya mafuta ikilowa huteleza, na vigae vya kung'aa huteleza zaidi. Mzee akitoka kutawadha alfajiri na kuvunjika nyonga, gharama yake hakuna kaya ya kwetu inayoimudu. Mkono wa kwanza ukiwa bado mbichi, nyunyiza mchanga laini uliokauka, hasa kwenye ngazi na karibu na bomba. Ukikauka fagia uliobaki, kisha paka mkono wa pili juu yake. Nta iachwe kwa sakafu za ndani.

Kuhusu wakati, masika hayafai, na kipupwe cha Juni na Julai huku Mbulu hukausha rangi polepole mno. Septemba na Oktoba ni bora, asubuhi umande ukishakauka na kabla ya upepo wa mchana kuamsha vumbi.

Wapo ndugu zetu wa Katesh na Gendabi waliolazimika kuanza upya baada ya maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang ya Desemba 3, 2023, na kwao hata kopo la lita 4 linaweza kuwa zito. Kwa wenye hali kama hiyo tunashauri mkeka wa rangi: mita moja kwa mita moja na nusu mbele ya mlango, wenye pindo pande zote, na sehemu iliyobaki iachwe ya kijivu. Lita moja inatosha, na likipatikana jingine, pindo husogezwa.

Miguu mitupu isubiri siku moja, viti na masufuria yasubiri wiki. Kamati inazo brashi za waya mbili na kamba ya kupigia mistari. Anayezihitaji afike baada ya swala ya Alasiri, na azirudishe zikiwa zimeoshwa.